Nusu ya Kundi Iliyofuata Viti

Ovadya Kalderon,
Mwongoza Watalii Mwenye Leseni,
Yerusalemu.

Kwa Bi. Philippa Morgenthal,
Mkurugenzi, Safari za Vijana za Tawi la Mzeituni,
London.

YAH: VIJANA WA LEEDS, VITI VYA PLASTIKI, NA KUGUSWA MOYO NJE YA RATIBA

Mheshimiwa Bibi Mkurugenzi,

Naamini barua hii itakukuta salama, wewe na ofisi nzima, pamoja na yule kijana wa mapokezi ambaye kila nikipiga simu huniambia ndiyo kwanza umetoka. Mimi si salama sana. Nimekaa jikoni, miguu iko kwenye beseni la maji ya chumvi, na mke wangu Vida amenishauri nisiandike nikiwa na hasira. Nilimsikiliza, nikaenda kulala. Hasira nayo ililala, ikaamka na nguvu mpya.

Nimeifanyia kazi ofisi yako tangu nikiwa na nywele. Nimewatembeza vijana wa Glasgow waliotapika kwenye malango yote ya mji mmoja baada ya jingine, na vijana wa Manchester waliopendana Jumatatu wakaachana Jumatano, nikalazimika kuwapanga kwenye basi kwa kuangalia nani hasemi na nani. Sikuwahi kulalamika. Lakini kundi la Leeds mlilonitumia mwezi huu wa Julai limenifikisha mahali ambapo mtu mzima hana budi kuchukua kalamu. Nayaweka malalamiko yangu kwa namba ili yasikuchanganye.

1. Kuhusu maswali.

Vijana wa kawaida hawaulizi. Unawasimamisha mbele ya jiwe, unawaambia lina miaka elfu mbili, wanalipiga picha, wanataka kujua choo kiko wapi, mnasonga mbele. Kwa utaratibu huo mji huu umetembelewa na watu wengi na wote wamerudi makwao wameridhika.

Hawa wa Leeds walikuwa na binti anaitwa Dalya Grunfeld, mwenye miwani ya duara na kofia ya jua ambayo hakuivaa hata siku moja, alikuwa anaishika tu mkononi. Kila niliposimama, mkono wake ulikuwa juu.

"Hapa anakaa nani?"

"Hapa walikaa makuhani," nilimjibu.

"Sasa hivi, namaanisha. Mbona kuna nguo zimeanikwa pale juu?"

Mheshimiwa, katika miaka yangu yote ya kazi sijawahi kutazama juu. Kazi yangu iko chini, kwenye mawe. Nilimweleza binti huyu kwamba nguo zile si za kihistoria. Aliitikia kwa kichwa, kwa upole sana, kama daktari anayemsikiliza mgonjwa akisema haumwi popote.

Pembeni yake hakukosekana Lazar Fineberg, kijana mrefu, mwembamba, mwenye mdomo. Huyu hakuuliza, huyu alitoa maoni. "Jiwe jingine," alikuwa anasema. "Jamani msisukumane, mawe yapo ya kutosha." Kundi zima linavunjika mbavu, na mimi natakiwa niendelee na Mfalme Sulemani kana kwamba hakuna kilichotokea. Ni yeye pia aliyeanza kuniita Ovi. Jina la babu wa babu yangu, lililosafiri kutoka Salonika bila kupungua hata herufi, limekatwa katikati mbele ya macho yangu na mtoto wa miaka kumi na sita anayetafuna chingamu. Kufikia chakula cha mchana hata dereva wa basi alikuwa ananiita hivyo.

2. Kuhusu vitambaa.

Ratiba ya Alhamisi unaijua, maana uliiandika wewe. Saa tisa: vitambaa vya macho. Saa tisa na nusu: kuguswa moyo. Saa kumi: choo na aiskrimu. Ni ratiba nzuri na naiheshimu. Vijana wanafungwa macho, kila mmoja anaweka mkono kwenye bega la aliye mbele yake, nawapitisha vichochoroni polepole kama treni ya mizigo mpaka kwenye zile ngazi zinazoutazama Ukuta wa Maombolezo, nasema maneno yangu, vitambaa vinavuliwa, machozi yanatoka. Haijawahi kushindwa. Mwaka fulani alilia hata mtu wa kampuni ya umeme aliyekuwa anapita na ngazi yake.

Kabla ya kuondoka nilikusanya simu zao zote nikazitia kwenye begi langu, kwa sababu mtu anayejipiga picha halii vizuri. Kisha tukaanza safari. Kwa kanuni zako mwenyewe, kiongozi wa vijana anatembea mwisho wa mstari, macho wazi. Kiongozi mliyenitumia anaitwa Jonty, ana umri wa chuo kikuu na ndevu ambazo bado zinafikiria kama zije au zisije. Sikuwa na habari kwamba Jonty naye alijifunga kitambaa. Nilipomhoji baadaye alinijibu hivi: "Mzee, na mimi nilitaka kuhisi."

Pale kwenye kona ya duka la mishumaa, Lazar alinong'ona kitu. Sikukisikia na hakuna aliye tayari kuniambia. Ninachojua ni kwamba watu walicheka mpaka wakainama, na mtu akiinama, mkono hutoka begani. Mstari ukakatika. Dalya, aliyekuwa wa kwanza katika ile nusu ya nyuma, akapapasa hewani, akapata bega, akalishika. Wengine wakajipanga nyuma yake wakaendelea na safari, bado wanacheka.

Bega alilolipata halikuwa la kwetu.

Mimi huku mbele sikujua. Nilifika kwenye ngazi, nikageuka kuutazama Ukuta, kwa sababu maneno yangu yanasikika vizuri zaidi nikiwa nimewapa mgongo, nikasema yote bila kuruka. Nikasema, "Vueni." Wakavua. Wakalia, na kwa haki ya Mungu walilia vizuri. Ndipo nilipogeuka kuona wale wa nyuma wanaliaje, nikakuta ngazi, paka, na mwisho wa kundi.

3. Kuhusu viti.

Mwenye bega ni Bwana Zvulun Barazani, fundi wa majokofu, mtu mnene, mpole, ambaye alasiri hiyo alikuwa anarudi kwa mama yake na mrundo wa viti vya plastiki alioazima sinagogi, ameubeba kichwani na kuushikilia kwa mikono miwili. Maelezo haya nimeyapata kwake mwenyewe.

"Nikahisi mkono begani," alinieleza. "Nikageuka kidogo, viti visianguke, nikaona binti amefungwa macho. Nyuma yake mwingine. Nyuma yake tena. Nikanyamaza."

"Ulinyamaza kwa nini?"

"Bwana Kalderon, katika mji huu ukianza kumuuliza kila mtu kwa nini anafanya anachofanya, hufiki nyumbani."

Ni jibu ambalo nimelitafutia kasoro mpaka leo sijaipata, na hilo nalo nalilalamikia.

Basi akawaongoza. Akapunguza mwendo kwa ajili yao. Kila penye ngazi alisema, "Ngazi," na penye mlango mfupi alisema, "Vichwa." Nao wakaitikia, wakidhani ni mimi. Mheshimiwa, Zvulun ana sauti nzito ya kutoka tumboni. Mimi niliimba kwaya sauti ya juu. Vijana hawa wamekaa na sauti yangu wiki nzima, asubuhi mpaka jioni, hawakuona tofauti. Dalya anasema yeye aliiona, ila alifikiri nimechoka na kwa hiyo nimekuwa mpole.

4. Kuhusu mamlaka.

Niliwachukua wale waliolia, bado wanapenga kamasi, tukarudi nyuma. Nilimuuliza muuza ngamia wa mbao kama ameona vijana waliofungwa macho.

"Nimewaona," alisema bila kuinua uso. "Walikuwa wanafuata viti."

"Viti vya nani?"

"Vya plastiki."

Zaidi ya hapo hakuwa na msaada. Hapo ndipo begi langu lilipoanza kulia. Kwanza simu moja, halafu nyingine, halafu zote, kwa sababu ni saa ambayo akina mama wa Leeds hunywa chai na kukumbuka kwamba wana watoto. Nilitoa iliyokuwa inalia kwa sauti kubwa kuliko zote. Kwenye kioo iliandikwa MAMA. Nikaipokea ili inyamaze.

"Lazar?"

"Hapana mama, ni mwongoza watalii. Lazar yuko katika kipindi cha ukimya."

Halafu yule mama akauliza, kwa sauti ya chini, kama mtu aliyekuwa na swali jingine akalirudisha, "Anakula lakini?"

"Anakula," nilisema. Nilidanganya, Mheshimiwa, na baadaye nikagundua kwamba wakati huohuo kijana alikuwa anakula kweli. Hata uongo wangu siku hiyo haukunitii.

Nilikwenda kwenye kibanda cha polisi. Askari alikuwa kijana mstaarabu, akatoa karatasi, akashika kalamu.

"Wamepotea vijana wangapi?"

"Nusu."

"Walionekana mara ya mwisho wakiwa katika hali gani?"

"Wamefungwa macho."

Akaniangalia. "Na nani?"

"Na mimi."

"Simu zao?"

Nikamwonyesha begi. Lilikuwa bado linalia. Askari akaweka kalamu chini, akawatazama vijana waliosimama nyuma yangu wakijifuta macho.

"Na hawa wanalia nini?"

"Hawa hawana shida. Hawa wamelia kwa mujibu wa ratiba."

Akachukua kofia yake akasema tufuatane tukaulizie viti mlango hadi mlango, na alihakikisha mimi natangulia. Nimepita mtaa ule nikiwa mwongozaji kwa miaka mingi. Sikuwahi kuupita nikiwa naongozwa, huku wauza maji ya komamanga wakisimama mlangoni kuniangalia. Naomba jambo hili liandikwe kwenye faili langu, kwa upande wa mateso.

5. Kuhusu yaliyotokea uani kwa Bi. Nazima.

Sehemu hii ni ndefu. Nilijaribu kuifupisha, Vida akaisoma, akanirudishia, akasema nisiwe mjinga.

Bi. Nazima Barazani, mama yake Zvulun, anakaa kwenye ua mmoja mdogo wenye kisima kilichofunikwa, ambao mimi huupita kila siku bila kuingia kwa sababu hauna tarehe ya kuwatajia watalii. Siku hiyo ilikuwa kumbukumbu ya mwaka mmoja tangu kufa kwa mumewe, marehemu Shabtai. Alikuwa amepika tangu alfajiri: kube, yale madonge yaliyojazwa nyama, kwenye mchuzi mchachu, kwa sufuria ambayo mtu angeweza kuogea. Amepikia mtaa mzima kama mtaa ulivyokuwa zamani. Lakini mtaa wa zamani haupo. Wengine wamehamia kwa watoto wao, wengine wako makaburini pamoja na Shabtai, na wapwa waliotoka Haifa walikuwa wamekwama barabarani, wanapiga simu kila baada ya muda kusema wanakaribia. Wanaume waliokuwapo ni saba pamoja na Zvulun, wawili kati yao hawasemezani kwa sababu ya bomba la maji. Na sala ya wafiwa, kwa dini yetu ya Kiyahudi, inataka wanaume kumi. Wakipungua kumi haisemwi, na Bi. Nazima alikuwa ameanza kuutazama mlango kwa jinsi ambayo, anasema Zvulun, hata kwenda kuazima viti aliona haya.

Zvulun akaingia. Nyuma yake, Dalya. Nyuma ya Dalya, treni.

"Nilikutuma viti," alisema Bi. Nazima, "umeniletea watu."

"Mama, wamekuja na viti."

Vijana waliposikia sauti ya mwanamke na mlio wa mfuniko wa sufuria, walidhani saa ya kuguswa moyo imefika. Wakavua vitambaa wenyewe, bila maneno yangu. Mbele yao kulikuwa na ukuta wa ua, mashuka mawili yameanikwa, na bibi mfupi mwenye kijiko kikubwa.

"Huu ndio Ukuta?" aliuliza Lazar.

"Huu ni ukuta wangu," alisema Bi. Nazima. "Na wewe mrefu, nishushie ile sinia pale juu. Nyie wengine mmenawa mikono?"

Hakuna aliyekuwa amenawa. Akawanawisha. Akawakalisha kwenye viti, akawapa mkate, akawapa mabilingani wamenye, na walioketi bila kazi akawapa vitunguu. Nakuarifu kwamba wasichana wa Leeds, ambao kwa siku tano nzima sikufanikiwa kuwafanya watembee upande wa kivuli, walimenya vitunguu vyote bila kuulizwa mara mbili. Dalya alimuuliza maswali yote aliyokuwa nayo, na yote yalijibiwa. Nguo ni za nani, kisima kina maji, Shabtai alikuwa mtu wa namna gani. Alikuwa mbishi, alisema Bi. Nazima. Alibishana na redio mpaka redio ikaharibika.

Halafu akahesabu wanaume kwa kijiko.

"Wewe mwenye ndevu za kuazima."

"Jonty, bibi."

"Nane. Wewe mdogo, umeshapita miaka kumi na tatu?"

"Nina kumi na tano," alisema mdogo, ambaye anaitwa Asher na ambaye mpaka siku hiyo sikuwa nimewahi kumsikia akisema lolote.

"Basi wewe ni mwanaume. Tisa. Simama pale, nywele zako tutazizungumza baadaye. Na wewe mrefu."

Lazar hakusimama. Dalya anasema kila mtu alisubiri atoe mzaha, na mzaha haukuja.

"Mimi sisemi hiyo sala," alisema.

"Huijui?"

"Naijua."

"Sasa?"

"Baba alikufa mwezi wa pili. Makaburini walinisukuma mbele niiseme, nikashindwa. Tangu hapo siisemi."

Mheshimiwa, hapa ndipo mimi ningekuwa na maneno. Ninayo mazuri sana, yana Mfalme Daudi ndani yake. Bi. Nazima hakusema neno la pole wala la Daudi. Alichota mchuzi kidogo, akampa kijiko.

"Onja. Chumvi imetosha?"

Kijana akaonja. Akafikiri. "Bado kidogo."

"Chumvi iko hapo. Tia."

Akatia, akakoroga, akaonja tena, akasema sasa sawa. Bi. Nazima akachukua kijiko chake.

"Zvulun wangu akisoma anaburuza kama mtu anayesogeza kabati," alisema. "Anahitaji mtu wa kusimama karibu naye. Ukitaka kusema, sema. Hutaki, nyamaza. Lakini wa kumi ni wewe, mwanangu, sina mwingine."

Akaenda akasimama.

Na wakati huohuo mimi nikatokea mlangoni, na nusu yangu, na askari, na begi linalolia. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Nilikuwa na sentensi nimeitayarisha tangu kwa muuza ngamia, yenye majina ya vijana hawa wote na maoni yangu kuhusu malezi yao. Bi. Nazima aliinua kile kijiko bila hata kunitazama. Nikafunga mdomo. Askari akanipokonya begi, akatoka nalo nje mpaka lilipomaliza kulia.

Zvulun akaanza. Kweli anaburuza. Neno la kwanza alikuwa peke yake, na la pili, halafu nikasikia sauti nyingine chini ya yake, ndogo, kavu, inayokwenda kwa kushikashika kama mtu anayetembea gizani kwenye nyumba anayoifahamu. Ikakatika. Zvulun, mtu yule, aliacha kusoma akasubiri. Yule mzee wa bomba la maji alikuwa anamtazama mwenzake, na mwenzake anamtazama. Halafu sauti ikarudi, wakaenda pamoja mpaka mwisho, na tulipofika pa kuitikia tuliitikia sote, waliopotea na wasiopotea, na askari naye kutokea huko nje.

Kwenye karatasi mliyonitumia, Mheshimiwa, mbele ya jina la Lazar Fineberg imeandikwa: karanga hapana. Basi. Siku zote zile nilikuwa namlinda kijana huyu dhidi ya karanga.

Nasisitiza kwamba ilikuwa imeshapita saa kumi na moja. Kwa ratiba ilikuwa zamani tumekwisha kula aiskrimu. Vijana wa kike walikuwa wanalia wakisingizia vitunguu vilivyokwisha kumenywa. Jonty, ambaye alitaka kuhisi, alikuwa amehisi mpaka amekaa chini. Mimi sitasema nililia. Nina leseni ya serikali.

Baada ya hapo tulikaa tukala. Wapwa wa Haifa walipofika wakakuta viti vimejaa, wakala wamesimama. Lazar alimwomba askari simu yake, akaenda nayo karibu na kisima, akaongea na mama yake muda mrefu, amegeukia ukuta. Aliporudi alisema, "Ovi, umemwambia mama niko kwenye kipindi cha ukimya? Amecheka. Hajacheka siku nyingi." Kisha akaomba kube nyingine. Huo ndio utovu wa nidhamu ninaouzungumzia.

6. Kuhusu uasi uliofuata.

Wale waliobaki nami, waliotembea vizuri, wakalia mahali pake na kwa wakati wake, sasa wananung'unika. Wanadai wao wameonyeshwa mandhari tu. Msichana mmoja aliniambia kwa sauti ya kuumia, "Sisi tulikufuata wewe, ndiyo maana hatukupata kitu." Kesho yake asubuhi, ratiba ikisema makumbusho, kundi zima lilikwenda kwa Bi. Nazima kuchukua viti, kuvirudisha sinagogi, na kusugua ile sufuria. Nilibaki mlangoni mwa makumbusho nikiwa na tiketi zao zote. Niliingia peke yangu. Nilijisimulia kila kitu mwenyewe, na hapakuwa na mtu wa kusema jiwe jingine.

Kwa kuzingatia hayo yote, naomba kwa heshima:

(a) Nisiletewe tena vijana. Niletewe wastaafu. Wastaafu wanajua kushika bega.

(b) Ofisi yako iiandikie manispaa ipige marufuku kubeba viti vichochoroni kati ya saa tisa na saa kumi alasiri, pamoja na mabenchi, na stuli kwa tahadhari.

(c) Kijana yeyote anayetarajia kuguswa moyo nje ya ratiba aombe kibali kwa maandishi mapema, akitaja mahali na sababu.

(d) Kwenye zile karatasi zenu, baada ya sehemu ya karanga, pawe na mstari mwingine. Sijui uulize nini. Nyie ndio mna ofisi.

Nisalimie wote hapo London, kuanzia Bwana mhasibu hadi mama anayepika chai. Yule kijana wa mapokezi mwambie namsalimu kwa sababu ndiye ninayeongea naye zaidi. Vida anakusalimu na anasema kwamba hahusiki na barua hii isipokuwa pale aliponikataza kufupisha.

Nabaki mtumishi wako mtiifu, na miguu yangu nayo inabaki kwenye beseni,

Ovadya Kalderon

N.B. Kabla sijaipeleka posta, wamefika wastaafu wa Bournemouth, kumbe ulikuwa umeshanipangia. Nakushukuru. Walitaka vitambaa kama vijana, nikawafunga. Walishikana mabega kwa nguvu, hakuna aliyeuliza swali, na wote walilia saa tisa na nusu kamili. Wawili walianza kwenye basi. Pale kwenye kona ya duka la mishumaa nilipunguza mwendo. Halafu nikasimama kabisa, nikajifanya nafunga kamba ya kiatu. Alipita mtu amebeba meza, mtu wa makamo, mwenye uso mzuri. Hakuna hata mmoja aliyemshika bega.